Afisa usalama mkali wa nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni fomani mstaafu. Nilianza saidia fundi mwaka 1987, kubeba karai la zege hapa hapa Dar es Salaam, nikaacha kazi mwaka 2021 nikiwa fomani mkuu wa saiti, magoti yalipokataa ngazi.

Kilichonishikisha kalamu ni tangazo la kazi. Wiki iliyopita kijana wangu wa mwisho, ambaye naye anahangaika na ajira, alinisomea kwenye simu kwamba kampuni fulani ya ujenzi inatafuta afisa usalama. Awe na cheti, awe na uzoefu wa miaka 5, na awe "mkali, asiyeyumba, mwenye sauti ya kuamuru, asiyeogopa kitu". Nikamwambia arudie hapo mwisho. Akarudia: asiyeogopa kitu. Mhariri, mtu asiyeogopa kitu ndiye wa kumpeleka ghorofa ya sita akalinde roho za watoto wa wenzake?

Ningeweza kucheka nikaendelea na chai yangu. Shida ni kwamba tangazo lile lilikuwa linanieleza mimi. Mimi wa zamani. Saiti nzima waliniita Bunduki, na nilikuwa nafurahia.

Masika ya mwaka 2002 tulikuwa tunajenga jengo la ghorofa 4 upande wa Temeke. Mkandarasi simtaji, maana kosa lenyewe lilikuwa langu zaidi kuliko lake. Siku hiyo tunamwaga slabu ya kwanza, yaani sakafu ya zege ya ghorofa. Aliyewahi kumwaga zege anaijua siku ya namna hiyo: mashine inanguruma tangu alfajiri, makarai yanapita mkono kwa mkono, na kusimama huwezi, kwa sababu zege halimngoji mtu na ukiliacha nusu injinia atakuvunjisha. Chini ya slabu kuna msitu wa mirunda, nguzo za miti za kuishikilia mpaka ikauke, kila mrunda umekalia kibao chake na kabari imegongwa ili ubane. Usiku mvua ilikuwa imenyesha sana, na nusu ya kiwanja kile kilikuwa kifusi cha kujazia.

Kama saa nne asubuhi kijana mmoja wa deiwaka, kibarua wa kutwa, siku yake ya tatu kazini, alitoka kule chini akanijia. Mimi nilichoona ni mtu mikono mitupu wakati wenzake wanabeba. Nikamuuliza, "Karai lako liko wapi?" Akageuka. Baada ya robo saa akaja tena, akafungua mdomo, nikampa maneno ambayo gazeti lako haliwezi kuyachapa. Akageuka tena. Saa tano kasoro, kona ya upande wa barabara ikashuka.

Watu hudhani slabu inaanguka kwa kishindo. Ile ilianza na mlio mdogo, kama mtu anavunja muwa gotini. Mmoja. Kimya. Halafu miwili, halafu sikuweza kuhesabu. Fundi aliyeshika vaibreta, mashine ya kushindilia zege, aliteremka nayo ikiwa bado inatetemeka, na zege likamfuata. Tulimchimbua kwa mikono kwa sababu koleo tuliogopa lingemkata. Paja la kushoto lilivunjika mahali pawili. Wengine wawili waliumia. Hakufa mtu, na hilo wala si kwa akili yangu.

Jioni nilikwenda hospitali. Yule kijana alikuwa mmoja wa wale wawili, kichwa kimezungushiwa bandeji. Aliniamkia vizuri, "Shikamoo fomani," kama vile hakuna lililotokea. Kisha akasema, bila hasira hata kidogo: "Nilikuja kukuambia. Mrunda wa pembeni ulikuwa umezama kidole kizima, kabari imechomoka. Ukaniuliza karai."

Nimeishi na hayo maneno mawili ya mwisho zaidi ya miaka 20.

Angalia, Mhariri, hapakuwa na upungufu wa elimu pale. Kukagua mirunda baada ya mvua nilikuwa najua, na nilikuwa nimewafundisha wengine. Habari ya hatari ilikuwepo saiti, ilitembea kwa miguu yake ikanifikia mara mbili. Ikakuta tabia yangu imesimama mlangoni.

Baadaye nilihamia kampuni nyingine, kwenye jengo la ghorofa 8 mjini. Fomani wa zamu yetu alikuwa mzee mmoja mfupi, mkimya, mwenye wasiwasi wa ajabu. Tulimwita Mzee Tuangalie, kwa sababu ukimwambia jambo lolote, hata kwamba chai imeiva, jibu lake lilikuwa "hebu tuangalie kwanza". Alikuwa anafika saiti kabla ya mlinzi wa usiku kubadilishwa, na tochi yake mwenyewe, anatikisa mrunda mmoja mmoja kwa mkono kama mtu anayechagua papai. Vijana walikuwa wanamwigiza wakati wa kula kwa mama ntilie. Mimi niliwaongoza kwa kuigiza.

Nilichochelewa kukiona ni salamu zake. Asubuhi alikuwa anapita kwa kila mtu, fundi na kibarua, anauliza mambo mawili: "Umelala? Umekula?" Nilidhani ni upole wa uzee. Kumbe alikuwa anakagua. Kibarua aliyepata usingizi wa saa mbili tu kwa sababu ya msiba, au ambaye hajatia kitu tumboni tangu jana mchana, alikuwa hampandishi juu siku hiyo. Anampangia kunyoosha nondo chini au kupepeta mchanga. Hakuna aliyejua kwamba ameondolewa kwenye hatari, kwa hiyo hakuna aliyeona aibu. Kwa miaka mitatu niliyofanya kazi chini yake, sikumbuki mtu wetu aliyeanguka.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Sisi saiti tulifikiri kicheko chenyewe ni cha kumcheka mwoga.

Lakini naye, Mungu amrehemu, nisimfanye malaika. Mzee alikuwa mpole kiasi kwamba neno "hapana" lilimkwama kooni mbele ya wakubwa. Siku moja aliona kamba ya winchi, mashine ya kupandishia vifaa juu, imeanza kuchanua nyuzi. Akaenda kumwambia injinia. Nilikuwa jirani, nilisikia: "Injinia, samahani kidogo, kama utapata nafasi, ile kamba labda tungeitazama." Injinia akaitikia "sawa sawa mzee" huku anaongea na simu, na winchi ikaendelea kupandisha tofali. Mzee akabaki anaitazama kamba, jasho linamtoka. Hapo ndipo Bunduki nilipofaa. Nilikwenda nikazima ile mashine, nikachomoa ufunguo, nikautia mfukoni, nikamwambia injinia kamba mpya ikifika nitamrudishia. Alinitukana. Kamba mpya ikaja saa nane.

Mzee ndiye aliyeona. Kuzima hakuweza. Mimi niliyeweza kuzima nisingeona kamwe, kwa sababu nisingeinua kichwa kuitazama kamba.

Mwaka 2009 mwajiri wetu alitupeleka wasimamizi 12 kwenye mafunzo ya siku tano. Mkufunzi alikuwa mama mmoja, mtu wa saikolojia, na siku ya kwanza tulimdharau kwa sababu viatu vyake havikuwa na vumbi. Alituambia wataalamu wa tabia huipima hulka ya binadamu kwa mafungu makubwa matano: uangalifu na kutimiza wajibu, uchangamfu, upole kwa watu, udadisi wa mambo mapya, na wepesi wa kupata wasiwasi. Hakuna aliye nalo moja tu. Kila mtu ana kiasi chake katika kila fungu. Tafiti, alisema, zinaonyesha kwamba watu wenye uangalifu mdogo na upole mdogo ndio wanaopatwa zaidi na ajali. Na mtu mchangamfu ndiye anayeonekana kirahisi kuwa kiongozi. Wote tukageuka kumtazama mwenzetu mmoja, afisa usalama, bingwa wa kuhutubia vikao vya asubuhi mpaka watu wanapiga makofi, ila tangu aajiriwe hakuna aliyewahi kumwona juu ya ghorofa ya pili.

Kisha akatueleza habari ya ajali ya ndege ya Tenerife, kisiwa cha Hispania, na hapo ndipo alipotukamata. Tarehe 27 Machi 1977, uwanja wa Los Rodeos, ukungu mzito. Ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziko kwenye barabara moja ya kurukia na haziwezi kuonana. Rubani wa KLM, van Zanten, hakuwa mwanafunzi. Alikuwa mkuu wa wakufunzi wa ndege za aina hiyo, na picha yake kampuni iliitumia kwenye matangazo. Akaanza kukimbiza ndege kabla ya kupewa ruhusa ya kuruka. Nyuma yake mhandisi wa ndege, aliyekuwa anasikiliza redio, akauliza kama yule wa Pan Am bado hajatoka njiani. Rubani akajibu kwa mkazo kwamba ametoka. Mhandisi akanyamaza. Sekunde chache baadaye ndege ziligongana, wakafa watu 583.

Mama yule aliacha darasa likae kimya. Mimi nilikuwa nimeangalia meza. Nilikuwa nasikia "karai lako liko wapi".

Alichosema baadaye ndicho nataka wenye kampuni wakisome. Wenye ndege hawakwenda kutafuta marubani wa hulka nyingine. Mwaka 1979 shirika la anga la Marekani, NASA, liliitisha mkutano kuhusu namna watu wanavyofanya kazi pamoja ndani ya chumba cha rubani, na kufikia 1981 kampuni ya ndege ya United ilikuwa imeanza kuwafundisha watu wake: mkubwa afundishwe kuuliza na kusikiliza, mdogo afundishwe kusema mpaka asikike. Hulka walizozaliwa nazo zikabaki vile vile. Kilichobadilishwa ni wanachokifanya nazo wakiwa kazini.

Alitupa na mfano wa mtafiti mmoja Mwisraeli, Dov Zohar, ambaye matokeo ya utafiti wake yalitoka mwaka 2002. Kwenye karakana fulani, wafanyakazi walikuwa wanaulizwa mara kwa mara: msimamizi wako amezungumza nawe kuhusu nini leo? Majibu yakawa yanarudishwa kila wiki kwa msimamizi mwenyewe, ajione ni mara ngapi alitaja usalama na ni mara ngapi alitaja kazi iishe tu. Wasimamizi wakaanza kuzungumza zaidi juu ya usalama, na majeraha madogo madogo yakapungua. Hakukuwa na kelele wala semina ya hotelini.

Mimi sikuwa na mtafiti wa kunihesabia, nikatumia misumari. Kila asubuhi natia misumari 6 ya inchi 2 mfuko wa kulia. Kila nikimuuliza mtu, "Leo umeona nini kinachokutia wasiwasi?" nikakaa kimya mpaka ajibu, msumari mmoja unahamia kushoto. Kuuliza si kazi. Kukaa kimya ndiko kulikonitesa. Mtu anafikiri, anakuna kichwa, anatazama chini, na mimi ndani nawaka, namwona anakula muda wa kampuni. Nilihesabu moyoni mpaka 20. Wiki ya kwanza misumari miwili tu ilihama kwa siku, mingine inarudi nyumbani na kunitobolea suruali.

Vibarua walidhani nawatega. Mmoja alinijibu "hakuna kitu bosi" siku tisa mfululizo. Siku ya kumi akanitazama kidogo, akasema, "Ile ngazi ya nyuma, kipago cha tatu kinacheza." Nilikuwa nimepanda ngazi hiyo asubuhi ile ile.

Msinielewe kwamba nimekuwa mtu mpya. Mke wangu akisoma barua hii atacheka mpaka kanga idondoke. Nyumbani bado ni Bunduki, risasi tu ndizo zimepungua, na hizo zimepunguzwa na umri. Hata wataalamu wanasema binadamu huwa watulivu na waangalifu zaidi wakikua. Lakini saiti haiwezi kumngoja fomani azeeke ndipo watu wawe salama.

Tena kuna wasiwasi na wasiwasi. Nimemwona afisa usalama mwenye woga kuliko hata Mzee Tuangalie, ila woga wake ulikuwa wa bosi. Langoni kulikuwa na ubao mkubwa wa kuhesabu siku bila ajali, na yeye ubao ule ndio uliomkosesha usingizi. Kibarua akasagwa kidole na tofali, akampa panadol mbili na nauli ya daladala, akamwambia akifika zahanati aseme ameumia nyumbani akichanja kuni. Ubao ukaendelea kuhesabu. Nilipiga kelele, nikahamishwa saiti. Kwa hiyo mwenye kuajiri akisema "nimempata mwenye wasiwasi", amuulize pia: anahofia nini?

Nakumbuka Ijumaa Kuu, 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa linajengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilipoporomoka na kuua watu 36. Jumanne tuliporudi kazini, misumari yangu yote sita ilihama kabla ya saa tatu. Watu walikuwa wananifuata wenyewe: fomani, mbao ile, fomani, waya ule, fomani, nondo za nguzo hii mbona zimepungua kuliko za jirani yake. Mambo mengine walikuwa wameyaona kwa wiki nzima. Ilidumu kama wiki mbili, kisha midomo ikaanza kufungwa tena, "hakuna kitu bosi". Hofu iliyokuwa inawasemesha iliisha. Ikabidi nirudi kuwauliza mmoja mmoja.

Saiti yangu ya mwisho tulipata mwakilishi wa usalama ambaye nisingemchagua. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, namba 5 ya mwaka 2003, inataka wafanyakazi wawe na wawakilishi, lakini desturi ya saiti nyingi ni bosi kumteua mtu wake au yeyote mwenye mdomo mkubwa. Sisi tuliacha wapige kura. Wakamchagua binti mmoja fundi nondo, mwenye sauti ndogo mpaka umwinamie ndipo umsikie. Nikauliza wamempendea nini. Mzee mmoja wa kufunga mbao akanijibu, "Huyu mwanangu ukimwambia kitu Jumatatu, Jumatano anarudi kukuambia kimefikia wapi."

Alikuwa na daftari la shule la kurasa 48. Upande mmoja anaandika alichoambiwa, upande wa pili kilichofanyika na tarehe. Mstari usiojazwa upande wa pili ulikuwa unamkera kama mwiba. Mwanzoni alikuwa anaushindwa mdomo wa injinia, kama Mzee Tuangalie kwenye kamba. Tukafanya mazoezi, yeye na mimi, baada ya kazi, nyuma ya stoo ya saruji. Mimi naigiza injinia, natukana, naongea na simu. Yeye kazi yake ni kusema sentensi tatu bila "samahani" na bila "labda": nimeona kitu fulani, kinaweza kumuumiza fulani, naomba tusimamishe mpaka kirekebishwe. Siku ya kwanza alicheka. Siku ya pili akalia, nikaogopa. Mwezi wa pili alimsimamisha injinia mwenyewe asipande jukwaa ambalo halijafungwa, kwa sauti ile ile ndogo, na injinia akashuka.

Ombi langu kwa wenye kampuni, na kwa wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wakipita kwenye maofisi yao, ni dogo. Mnapotafuta msimamizi wa usalama, msimuulize bosi wake wa zamani kama ni mkali. Tafuteni vibarua wawili waliofanya kazi chini yake, muwaulize: ulipompelekea habari mbaya, alikufanyia nini? Na yeye mwenyewe aulizwe mara ya mwisho kusimamisha kazi ilikuwa lini, na ilimgharimu nini. Mtu wa kweli atawatajia siku, na uso wake utabadilika.

Na wale wakali mlionao tayari msiwafukuze. Wanafaa kwa kamba za winchi. Wapeni tu misumari, na wawekeni jirani na mtu anayetikisa mirunda.

Kijana wangu amelihifadhi lile tangazo kwenye simu. Anasema mwisho wa maombi ni tarehe 30. Yule binti mkataba wake uliisha mwezi uliopita, cheti anacho, miaka mitano imetimia. Nimemshauri aombe. Ananiuliza pale kwenye "asiyeogopa kitu" ajaze nini.

Fomani mstaafu,
Mbagala, Dar es Salaam